Springi za Mgeni

Mkuza, Kibaha
23 Juni 2024

Mke wangu Hamisa,

Salamu zikufikie hapo Maneromango. Mimi nilifika salama, ila sina amani. Tangu Idi kila nikifumba macho namuona mke wangu ameinama kando ya barabara anatapika. Mara mbili! Pilau la mama, kachumbari, mpaka ile soda ya tangawizi. Mama amenipigia kuniuliza kama chakula chake kilikuwa na kasoro. Nimemwambia mama, kasoro ni gari.

Nakiri. Nimempelekea Alfonce, yule fundi magari tunayepakana naye ukuta. Ameingia chini, ametoka, amefuta mikono. Halafu akaniambia: "Kitwana, wewe huendeshi gari, umepanda mbuzi." Shokapu zote nne zimevuja mafuta zikakauka. Bushi, zile raba za maungio, zimebaki jina tu. Hiyo ndiyo sababu likiingia kwenye kona linalala upande, na likipanda tuta linaturusha mpaka kichwa kinagusa paa.

Basi nimeapa. Mimi ninayechomelea mageti ya watu yasilie hata yakipigwa na upepo, nimtikise mke wangu mpaka atapike? Nalifumua chini kote. Nataka likate kona limetulia, na likipita kwenye makorongo ya kwenu usijue kama umepita. Litakaa juu ya magogo wiki kadhaa, nami nina mageti ya ukumbi wa sherehe ya kumaliza, kwa hiyo Jumamosi zetu zitapotea kidogo. Nisamehe.

Mjomba wako Abdulwahab naye alinipigia kunipa mkono wa Idi. Anasema presha inamsumbua, na kwamba mwaka huu lazima aje akae kwetu. Nikakumbuka alivyokuja mwaka juzi: chaga mbili za kitanda zilikatika, na nilipomrudisha Kisarawe mjini gari liliinama upande wake njia nzima.

Wako,
Kitwana


Maneromango
30 Juni 2024

Mume wangu Kitwana,

Barua yako Mzee Seifu ameniletea kwa gari lake la mananasi, ikinukia mananasi. Nimeisoma, na kwa kuwa mwalimu haachi asili nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Makosa ni manne. Hiyo "shokapu" nimekuachia, ingawa kwenye kamusi ni shokomzoba.

Mama asisumbuliwe. Pilau lake halikuwa na kosa lolote. Na gari nalo tusilisingizie yote, ingawa kweli ni mbuzi. Nilitapika kwa sababu nyingine, na sababu yenyewe nimeijua wewe ukiwa umeshaondoka.

Tunatarajia mgeni.

Sisemi zaidi. Tulishatangaza mara moja, watu wakajaa nyumbani, tukajuta. Safari hii nimeweka nadhiri: sitamtaja kwa jina lingine mpaka nimuone kwa macho yangu. Na wewe usimtaje, si kwa Alfonce, si kwa mama. Tumwite mgeni, inatosha. Wala usinipigie simu kwa habari hii. Wewe simu unapokea kwa spika kwa sababu ya hizo glavu zako, na mtaa mzima wa Mkuza unajua nilikula nini jana. Mara ya mwisho Alfonce alinijibu kabla yako. Tuandikiane.

Tarehe 22 Agosti mgeni anatakiwa hospitali ya Tumbi, akaangaliwe. Nesi wa hapa amesema safari si tatizo, ila asirushwerushwe. Na njia yetu unaijua. Kwa hiyo gari tengeneza, lakini si kwa ajili ya kona zako. Litengeneze kwa ajili ya mgeni. Nikiona bado linaruka, sitapanda, na asipofika Tumbi sitakuwa na raha mpaka mwisho.

Mkeo,
Hamisa


Mkuza, Kibaha
7 Julai 2024

Mwalimu wangu,

Mgeni! Nimeelewa. Kusema kweli nilihisi tangu Idi. Nimefurahi nusu, na nusu nyingine naogopa, maana ile mara ya kwanza unakumbuka ilivyokuwa. Lakini mgeni ni baraka, nyumba isiyo na mgeni ni ghala. Na siri nimeimeza. Alfonce ananiuliza kwa nini nina haraka ghafla, namwambia nina haraka zangu.

Tarehe 22 Agosti niachie mimi. Kumrusha mtu wa namna hiyo kwenye njia ile ni dhambi.

Ila nijibu mambo matatu, kwa sababu springi haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa mzigo. Uzito wa mgeni kwa sasa ukoje? Atakaa kwetu muda gani? Na anakula nini siku hizi, nianze kuweka akiba?

Wako,
Kitwana

Makosa hesabu tena. Nadhani ni mawili tu.


Maneromango
14 Julai 2024

Mume wangu,

Makosa ni matatu, lakini umepata maksi zote. Pale ulipoandika "nimefurahi nusu, na nusu nyingine naogopa" nimeparudia mara nyingi nikatokwa na machozi, kwa sababu na mimi niko hivyohivyo. Nilidhani naogopa peke yangu. Kumbe tuko wawili. Ahsante, Kitwana.

Maswali yako sasa. Uzito: kwa sasa hata nanasi dogo hafikii, ila anaongezeka kila wiki. Chakula: ndimu na chumvi usiku na mchana, harufu ya kitunguu haitaki kabisa, na asubuhi hakubali kitu. Muda wa kukaa: miaka kama ishirini, au mpaka aoe ndipo tupumue.

Usicheke. Wewe ndiye utakayembeba.

Hamisa


Mkuza, Kibaha
21 Julai 2024

Hamisa,

Nimecheka! Hilo la kuoa limenichekesha mpaka Alfonce akazima mashine kuja kuuliza kuna nini. Na nanasi dogo! Nanasi gani? Mimi naujua ukoo wenu, wote mna mifupa mikubwa.

Sasa sikiliza kazi ilivyokwenda. Shokapu mpya nne zimeingia. Bushi zote mpya, za mpira mzuri, gari halina hata mlio mmoja chini. Upande wa springi tulibishana. Alfonce alitaka aniwekee za kawaida za gari hilihili. Nikakataa. Nimezipata nene za gari la kubebea mizigo, Alfonce akazikata, mimi nikatengeneza vikalio vyake, tukazifunga. Kwa mgeni wa ukoo wenu, hizo ndizo.

Halafu tukafanya majaribio. Tuliweka trei ya mayai kiti cha nyuma, tukapita kwenye matuta ya hapa Mkuza gari likiwa tupu. Mayai kumi na saba yalipasuka. Tukayakaanga, tukala na mafundi wote. Mara ya pili tukapakia mifuko miwili ya saruji kiti cha mbele na trei nyingine nyuma. Halikupasuka hata moja! Na kwenye kona lilitulia kabisa, halikuyumba. Alfonce anasema springi ngumu inataka mzigo, ikikosa mzigo inakurusha wewe. Nikamwambia mzigo upo, unakuja.

Kiti cha mbele nimekisogeza nyuma mpaka mwisho ili tumbo lipate nafasi. Na kitanda cha mgeni nimeshakichomelea kwa mikono yangu, kwa bomba nene, safari hii hakuna cha kuvunjika. Nimekipaka rangi ya bluu, kimesimama nje ya karakana na kila anayepita anakisifia.

Wako mwenye furaha,
Kitwana


Maneromango
28 Julai 2024

Kitwana,

Saruji? Unampima mgeni wetu kwa saruji?

Gari linalopasua mayai kumi na saba mimi silipandi, na mgeni hapandi. Heri tusiende.

Na kitanda! Nilikuambia nini juu ya kutangaza? Umekiweka nje, kila anayepita akione? Kikate. Kiuze chuma chakavu. Mgeni akifika atalala chumbani kwangu, na wewe ndiye utakayetafuta mkeka.

Sina zaidi.

Hamisa


Mkuza, Kibaha
4 Agosti 2024

Kwa Mjomba Abdulwahab, Kisarawe mjini

Shikamoo Mjomba.

Nakuandikia kupitia kwa Mzee Seifu wa mananasi, kwa kuwa mpwa wako amekataza jambo hili lisiongelewe kwenye simu, na namzunguka hata kwa kuliandika. Lakini nimeshikwa pabaya na sina mwingine wa kumuuliza.

Habari ya ujio wako nimeipokea kwa mikono miwili. Hamisa aliniambia utafika, na kwamba tarehe 22 Agosti upelekwe Tumbi ukaangaliwe, usirushwerushwe. Nimekutengenezea gari lile lililomtapisha yeye siku ya Idi, springi nene za gari la mizigo, kiti kimesogezwa. Nimekuchomelea kitanda cha bluu. Nikadhani nimefanya jema. Mpwa wako amenijibu kwa hasira ambayo sijaiona tangu tuoane. Kitanda nikate, gari hapandi, na wewe ukifika atakupa chumba chetu, mimi nikalale mkekani.

Mkeka nitaulalia, Mjomba, wewe ni mkubwa. Ila naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa swali la utovu wa adabu: una kilo ngapi hasa? Yeye anasema hata nanasi dogo hufikii. Pia anasema siku hizi unataka ndimu na chumvi usiku na mchana, harufu ya kitunguu huitaki, na asubuhi hukubali kitu. Kama ni kweli, nina wasiwasi na hiyo presha.

Wako mtiifu,
Kitwana


Kisarawe mjini
11 Agosti 2024

Mkwe wangu Kitwana,

Marahaba. Mimi ni mzima, na kwa jinsi barua yako inavyonieleza, ni mzima kupita kiasi. Nina kilo mia moja na kumi na nane. Umeuliza, nimekujibu, Mungu akusamehe.

Ndimu zinanipa kiungulia tangu ujana. Asubuhi nakula chapati nne, na ya tano kama ipo. Presha napimwa hapahapa Kisarawe. Tarehe 22 Agosti nina watu shambani, tunang'oa mihogo. Nilisema siku ya Idi kuwa nitakuja kwenu mwaka huu, na nitakuja, lakini siku sijaitaja kwako wala kwa mpwa wangu. Huyo mgeni siye mimi.

Sasa zima hiyo mashine yako, ukae chini, nikutegee kitendawili. Mgeni gani huja bila mkoba, hajui kusalimia, akifika analia, na asipolia ndipo watu wanaogopa? Mtoto wa darasa la pili anakijibu. Mkeo ametapika Idi, anataka ndimu, kitunguu kinamkera, wewe unanunua springi za lori! Mwanamke wa kwetu akikuambia kuna mgeni, usianze kuhesabu wajomba.

Neno lenyewe silitaji, kwa kuwa naona yeye hajalitaja, na ana haki. Nilipokuja kwenu mwaka juzi haikuwa matembezi, umesahau? Nilikuja ile wiki ya majonzi, nikakaa siku saba kwa ajili yake. Yule hana hasira nawe, ana hofu. Mnunulie ndimu.

Kitanda cha bluu usikikate. Kimepimwa kwa mwili wangu na sitaki kipotee. Mpe Mzee Seifu aniletee.

Mimi mjomba wenu,
Abdulwahab


Mkuza, Kibaha
13 Agosti 2024

Hamisa wangu,

Naandika juu ya boneti. Mzee Seifu amegoma kuzima gari, anapiga honi, na mafundi wanne wanahangaika kumfungia kitanda juu ya matenga yake matupu.

Mimi ni mjinga. Nilidhani mgeni ni Mjomba Abdulwahab.

Cheka, umalize, halafu uendelee kusoma. Ile saruji ilikuwa yeye. Kiti kilikuwa kwa ajili ya tumbo lake. Kitanda ni futi tano kwa sita, na ndicho hicho kinachokwenda kwake. Nilimuandikia nikamuuliza kilo zake, Hamisa, mtu mzima yule, na amenijibu.

Kile kitanda kidogo cha mwaka juzi, nilichokichomelea mapema nikakiringishia mtaa mzima, bado kiko darini kwenye karakana. Nilikifunika turubai ile wiki na sijakigusa tena. Nadhani ndiyo sababu sikukuelewa. Kuna neno nililifunika pamoja nacho, na kila lilipotaka kunijia nililikimbia. Kila mtu angeelewa barua zako isipokuwa mimi. Nisamehe kwa ile rangi ya bluu. Nisamehe kwamba ulikuwa unaogopa peke yako wakati mimi napakia saruji.

Sichomelei kitu. Sinunui kitu. Ila springi nene zinatoka leo hii. Alfonce ameweka pembeni kazi za watu, na sijamwambia kwa nini, nimemwambia tu kwamba mgeni amepungua uzito. Tunarudisha springi za kawaida, zile alizotaka yeye tangu mwanzo. Upepo wa matairi tutaupunguza kidogo. Nina siku tisa, na kila siku nitapita matuta yote ya Mkuza na trei ya mayai mpaka lisipasuke hata moja gari likiwa tupu. Yakipasuka nitakuambia ukweli na hutapanda.

Nimefurahi, Hamisa. Safari hii si nusu.

Seifu ananitukana. Ndimu ziko kwenye mfuko mweusi.

Kitwana


Mkuza, Kibaha
25 Agosti 2024

Mke wangu,

Jana baada ya kukurudisha nilifika salama. Tangu Alhamisi maneno ya daktari wa Tumbi nayarudia mwenyewe kama kasuku: kila kitu kiko sawa, kila kitu kiko sawa. Mama aliniuliza kwa nini natabasamu nikamwambia gari limepona. Na siku ile ya kwenda, ulivyolala kuanzia makorongo ya kwenu mpaka mjini, mdomo wazi, sitasahau. Nilitamani kila mtu aliyewahi kulicheka gari langu akuone.

Lakini kuna jambo linaninyima raha. Jana tukirudi, kwenye kile kipande cha lami mpya, ulishtuka. Ulishika tumbo, ukashika na mlango. Nikakuuliza umeumia? Ukasema, "Hapana, ni shimo." Ukageukia dirishani, ukanyamaza mpaka nyumbani.

Hamisa, sikuliona shimo. Nilipokuwa narudi nilisimama palepale, nikashuka, nikaikagua ile lami kwa miguu kwenda na kurudi. Hakuna hata kokoto. Kama si barabara basi ni gari. Leo nimekuwa chini yake tangu asubuhi. Shokapu hazivuji. Bushi ni mpya. Nati zote zimekaza. Nimepita matuta na mayai, yote mazima. Alfonce anasema gari halina kosa, nimwache apumzike Jumapili, nikamwambia mke wangu harushwi bure. Nimezifungua shokapu za nyuma tena.

Niambie vizuri, maana bila kujua siwezi kutengeneza. Ulirushwa na upande gani? Kushoto au kulia? Mbele au nyuma?

Kitwana


Maneromango
1 Septemba 2024

Mume wangu Kitwana,

Kushoto. Mbele. Chini ya kitovu kidogo.

Zirudishe hizo shokapu zako, umwombe radhi Alfonce. Gari halina kosa. Ndilo gari zuri kuliko yote niliyowahi kupanda, na nakuandikia hivi kwa kalamu nyekundu ili uamini.

Hapakuwa na shimo. Lile neno lilinitoka tu, na nikageukia dirishani ili usinione uso, kwa sababu nilikuwa sijaamini. Lami ilikuwa shwari, gari limetulia, mwili wangu wote umetulia, ndipo nikasikia kitu kimegonga, kidogo, mara moja. Juu ya yule mbuzi wako wa zamani ningedhani ni bushi. Nikanyamaza njia nzima namsubiri arudie, hakurudia, nikasema labda nimejidanganya. Sikutaka kukupa furaha halafu nikupokonye.

Amerudia Jumatano, nikiwa ubaoni naandika ngeli za nomino. Chaki ilianguka. Jana amerudia mara mbili. Leo wakati naanza barua hii, tena.

Mjomba amenitumia salamu kwamba kitanda ni imara na kwamba amenenepa kidogo kwa kulala vizuri. Nadhiri yangu bado naishika, silitaji neno lile, na wewe usilitaje. Lakini hofu imepungua sana, Kitwana. Mgeni wetu amebisha hodi. Mimi nimeshamwambia karibu. Njoo Jumamosi uweke mkono, naye akusikie ukimwitikia.

Mkeo,
Hamisa